Benitha Alituma Poshete Kwanza

Munisikilize polepole, juu mimi masomo yangu iliishia mwaka ya tatu na maneno yangu inazungukaka. Nataka kuwaambia namna Benitha, bibi ya mutoto yangu, ni kusema mukwe wangu, alituma sahani ya muziki kwa muntu hatujamuonaka hata siku moja.

Mbele ya kurudi huku Rusizi, niliishi Bukavu. Kule marehemu muke wangu, Védastine, aliimbaka mara moja na orkestre ya bantu ba mutaa yetu, Nguba. Sauti yake iko ndani ya disiki moja, ile ndogo nyeusi ya nyimbo mbili. Siku tulikimbia vita, ile disiki ilibakia ku nyumba. Védastine amekufa, iko miaka kumi na moja. Picha yake niko nayo. Sauti, hapana.

Sasa Benitha anauzishaka mayai Kamembe, anayatuma na bisi mpaka Kigali. Aliingia ku simu mu grupu ya bantu benye kupenda miziki ya zamani, akauliza ile disiki, akauliza. Siku moja anakuja mbio: "Papa! Kuko muntu kule Musanze iko nayo!"

Hakimu jina yake, fundi wa saa. Hataki feza. Anataka disiki yangu moja ya gitaa, nilitoka nayo Bukavu ndani ya nguo. Tubadilishane. Muzuri. Lakini nani anatuma wa kwanza?

"Mzee atume," Hakimu anasema ku simu. "Mimi simujui."

"Na mimi nakujua? Utakula disiki yangu na kunyamaza."

"Mzee, disiki hailiwi."

"Kumbe umeshajaribu!"

Tulicheka, lakini hakuna alituma. Wiki tatu. Nikaanza kuogopa: huyu akichoka, sauti ya Védastine inapotea mara ya pili. Basi nikasema natuma.

Nikafunga mwenyewe. Miaka makumi mbili nilibebaka bitoke, zile ndizi mbichi, ku kinga, baiskeli yangu, toka Muganza mpaka Ruhwa. Kufunga muzigo, nani atanifundisha? Nikakata mipira ya ndani ya tairi, nikaweka goti juu, nikavuta. Ikakaza, aah!

Benitha anaona, anashika kichwa. "Papa, unafunga disiki ao mukungu ya bitoke?"

Anafungua. Disiki imeanza kupinda. Akailaza chini ya gunia ya mchele siku mbili, na asante Mungu, ikanyooka.

Akiwa anaiangalia, ananiambia: "Na hii kuitia ndani ya poshete yake, ile bahasha ya kartoni yenye jina, ni kosa. Bisi ikitikisa, disiki inapasula kartoni pembeni. Lazima disiki na poshete bitembee mbali mbali." Halafu akacheka peke yake. "Basi bitembee siku tofauti!"

Akapigia Hakimu. "Papa Hakimu, leo munatumiana poshete tupu. Mwizi atafanya nini na poshete tupu? Na wewe mupenda disiki, ukikataa kutuma yako kiisha, utafurahia kubakia na disiki bila nguo yake?"

Hakimu akauliza: "Uyu ni nani?"

"Muuza mayai."

Mimi nilikaa chini. Wanaume wawili wazee, wiki tatu, na hakuna aliwaza vile.

Poshete ya Musanze ikafika. Nyuma, kwa maandiko madogo, jina ya Védastine. Niliipitisha kidole. Na Hakimu alipata yangu, roho yake ikalegea. Ikabakia disiki, ile kazi yenyewe.

Kwanza Benitha alijaribu na sahani yangu ya chai. Alikata kartoni mbili, ya moja mistari yake ya ndani inalala, ya ingine inasimama, juu isipinde upande wowote. Kubwa kupita sahani, juu ni pembeni inagongwaka. Plato, ile trei ya mayai, chini, plato ingine juu, halafu skochi ya kubandika. Akaiangusha toka ku meza. Nilipiga kelele! Sahani ilitoka hata ufa haina. Ndio akafunga disiki yangu vile vile, akipiga picha kila hatua. Hakimu naye alilazimishwa kutuma picha zake. Mara mbili Benitha alimwambia: "Fungua, anza tena," na ule fundi mukubwa akafungua.

Ku gare, kituo ya bisi, mupakiaji anauliza: "Maman Mayai, hii nayo ni mayai?"

"Hapana, baba. Ni muziki. Lakini ibebe sawa mayai. Isikae karibu na moteri."

Aliibeba na mikono mbili, sawa mutoto wa ubatizo.

Siku ya tatu, muzigo ya Hakimu inafika, na pembe moja imebondeka kabisa. Muntu aliikalia mu kona za pori ya Nyungwe, sijui. Nikamupa Benitha kisu. Benitha akakata skochi. Kartoni ya juu imevunjika, ya pili imesimama. Disiki inang'aa, imenyooka.

Nikaiweka ku turnediski, mashini ya kuzungusha disiki. Gitaa, ngoma, halafu wanamuke wanaingia, na sauti moja inaingia mbele ya wengine. Siku ile ku studio walimucheka, lakini bande ya kurekodi ilikuwa imeisha, ile kosa yake ikabakia.

"Ni yeye, Papa?" Benitha hakumuonaka.

"Ni yeye. Alikuwa na haraka siku zote."

Simu ikalia. Hakimu, anapiga kelele: "Mzee, yangu imefika muzima! Nipe ule muuza mayai!"

Nilimupa Benitha simu. Mimi Védastine alikuwa bado ananiimbia.