Bastola Yenye Komeo

Kibali cha Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, kilikuwa cha bastola moja tu, na namba yake ikishaandikwa, basi, imeandikwa. Ndiyo maana Hamidi, mwenye lori la dagaa la Kirando, alikaa Boma asubuhi nzima mbele ya karani Fransisko, bastola mbili za Mzungu aliyerudi kwao zikiwa mezani. Mkewe, Mwanaheri, alikaa pembeni amekunja uso.

Zote zilijipakia risasi zenyewe. Moja nyeusi, haina mbwembwe: unavuta kifyatulio, kigumu kidogo, inalia. Ya pili iling'aa, ina mpini wa pembe, alama ya kuonyesha kama risasi imo, na komeo la usalama la kushushwa kwa kidole gumba. Hamidi, mpenda makuu aliyelipaka lori lake rangi tatu, hakuitazama ile nyeusi mara mbili.

"Niandikie hii inayong'aa."

"Jaribu komeo kwanza," alisema Fransisko. "Haina risasi."

"Nalijua, karani. Andika tu."

"Baba Yunusu, jaribu," alisema Mwanaheri.

Akaishika. Gumba la kulia likalisukuma komeo, likateleza. Akarudia. Jasho likamtoka, na Juni ile Sumbawanga nzima ilikuwa imevaa makoti.

Mwaka uliopita, akiwasha lori kwa hendeli, kile chuma cha kuzungushwa kwa mkono mbele ya injini, aliikumbatia kwa gumba hilo, kosa ambalo kila dereva huonywa siku ya kwanza. Injini ikairudisha hendeli kwa nguvu, gumba likavunjika, wala halikurudia nguvu zake. Akaficha, asije akanyang'anywa leseni. Ni mkewe tu aliyejua.

Kisha mwezi uliopita lori likazima kwenye mpando wa kutoka ziwani. Abdala, mdogo wake, akashuka kuliwasha. Wanyang'anyi wakamkuta ameinama, wakamuua kwa panga.

Hamidi aliiweka bastola mezani. "Ilikuwa zamu yangu kushuka," alisema. "Nilimdanganya kwamba nimechoka, kumbe ni gumba hili."

Hilo Mwanaheri hakuwa akilijua. Alimtazama mumewe kwa uchungu, kisha akainuka, akatoka.

Fransisko akaandika namba ya ile nyeusi. Habari ya leseni hakuigusa.

Hamidi alipotoka, alimkuta mkewe mbele ya lori, kanga kaifunga kiunoni, hendeli mkononi. Gumba lake alikuwa amelilaza upande mmoja na vidole vingine.

"Panda," alisema. "Nawasha mimi."