Uzito wa Kikombe

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, mwaka 1951, Paskalia alifungua bomba nyuma ya nyumba yake, akakinga maji kikombe kimoja, akashindwa kukiinua. Alijaribu kwa mikono miwili. Kikombe kilikuwa kizito kama debe lililojaa. Maji yenyewe yalikuwa yaleyale ya kila siku, yenye ladha ya chuma.

Mumewe Kalisti, karani wa mgodi wa dhahabu upande wa Geita, alikunywa chai kwa kukiinamia kikombe mezani, akachelewa kazini dakika kumi. Mchana akaja fundi wa bomba. Aligonga koki, akajaribu kuinua kikombe, kikamshinda. Akaandika kwamba kiangazi huwa hivyo, akaenda zake.

Saa tisa alipita Nyamizi, mke wa Maganga mchimbaji, akiuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karibu. Maji ya kunywa yapo hapo bombani, leo nimeshindwa kukuletea."

Nyamizi alikishika kikombe kwa vidole viwili, akanywa yote.

"Kwako si kizito?"

"Kiwe kizito kwa lipi? Uzito wake nimeshaubeba. Kambini hatuna bomba, mama. Kisima kiko maili tatu, ng'ambo ya kilima. Mwaka jana mimba niliiacha pale kilimani, na debe sikulimwaga."

Miaka sita Paskalia alikuwa akiwaona wanawake wale wakipita na madebe yao. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, walisema wahenga. Hawakusema kwamba wakati mwingine hukaa dirishani akimtazama. Aliona aibu.

Usiku ule alimtuma Kalisti akamwombe meneja ruhusa, wanawake wa kambini wachote kwake. Jibu lilirudi kesho yake: bomba ni la makarani.

"Haya," alisema Paskalia. "Lakini hii mimba ya sasa haibaki kilimani."

Alfajiri akasokota ngata kwa kanga yake nzuri, akachukua debe la Nyamizi. Siku ya kwanza alifika na nusu, amelowa hadi miguuni, na wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Mama wee, debe si kitambaa cha kanisani! Kaza shingo!"

Akakaza shingo. Kila alfajiri alipanda kilima, na kila jioni kikombe nyumbani kilikuwa kimepungua uzito kidogo. Baada ya majuma saba kikawa kikombe tu.

"Basi yamekwisha," alisema Kalisti, akiinua chai yake kwa mkono mmoja. "Sasa pumzika."

"Kikombe ndicho kimekuwa chepesi. Debe bado."

Mwezi wa kumi na moja Nyamizi alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kusikika mpaka mashimoni. Wakampa jina la Paskalia. Juma hilohilo kampuni ilileta bomba jipya, ikalifunga kwenye bustani ya meneja.

Kesho yake alfajiri wanawake walipita kando ya bustani wakitoka kisimani. Maua yalikuwa yameshamwagiliwa. Paskalia alisimama kidogo akaliweka debe la Nyamizi sawa juu ya ngata, kisha akaendelea na njia ya kambini.