Bakuli la Mama Mkubwa

Daktari alipitisha kile kifaa chake chenye mafuta baridi juu ya tumbo la Noela, akatazama kioo, akasema ini la mwanangu limejaa mafuta. Mtoto wa miaka kumi! Nilidhani maradhi ya ini ni ya walevi. Akasema hapana, ni unene. Soda, sukari na vya kukaanga vikome, la sivyo ini litaota makovu. Dada yangu Restituta alikuwa kando yangu, kanishika mkono, anaitikia kila neno.

Kuanzia siku hiyo kwangu chai ilinywewa bila sukari. Noela alinuna, alilia, mimi sikulegea. Mchana nikiwa kwenye mpunga alikula kwa Restituta, kule Katindiuka, kama watoto wote wanavyokula kwa mama mkubwa. Nani anamuuliza dada yake wa tumbo moja kapika nini?

Baada ya miezi mitatu Noela akawa ameongezeka kilo nne. Daktari akaniuliza namlisha nini kwa siri. Niliwaka! Nikamwambia mizani yake mbovu. Restituta akaniunga mkono, tena kwa sauti.

Jumatano mvua ilitufukuza shambani mapema, nikapitia Katindiuka. Noela alikuwa jikoni, amepakata bakuli la wali unaong'aa mafuta, maandazi matatu kwenye sahani pembeni. Dada yangu alikuwa anambembeleza amalize.

Sikusema hata shikamoo. "Dada, si ulimsikia daktari?"

"Nilimsikia. Na watu niliwasikia pia. Mumeo alikufa kwa saratani, mimi na wewe tunajua, lakini mji mzima ulisema UKIMWI. Sasa na mtoto akonde? Watasema nini? Nimekusitiri, mdogo wangu."

"Umenisitiri kwa ini la mwanangu?"

Ningeweza kumpiga, mkubwa wangu. Nikamshika Noela mkono.

"Twende nyumbani."

Alijinasua, akang'ang'ania kitenge cha Restituta.

"Sitaki! Mama mkubwa amesema baba alianza hivi hivi. Alikonda, halafu akafa." Machozi yalimtoka, wali bado mdomoni. "Mama, kwa nini unataka na mimi nikonde?"

Nilimtazama dada yangu, nikisubiri amwambie mtoto ukweli. Aliinama, akaanza kufunika maandazi.