Kengele za Kaloyan

...na swali lenyewe si gumu, hata mtoto wa chekechea angelijibu, kengele hizo mbwa anazisikia lini, basi, hakuna lingine, lakini Zdravka amekaa kwenye benchi la ua wa mwalimu wa mbwa, mkoba magotini, kamba ameizungusha mara mbili kiganjani, na jibu analigeuza mdomoni kama mwiba wa samaki. Chini ya benchi Mecho anatetemeka, anatetemeka hadi mbao zinatetemeka, Zdravka anausikia ule mtetemo kwenye mapaja yake mwenyewe, mbwa mkubwa hivi, manyoya kama ya dubu, amefyata mkia na kujikunja awe mdogo kama paka... Na huyu Vesela, mwalimu gani huyu, msichana wa miaka thelathini na viatu vya matope, amechuchumaa pale upande upande, hamtazami mbwa usoni, daftari juu ya goti, kalamu imesimama, uzi mwekundu na mweupe wa Machi kwenye kifundo cha mkono, hana haraka, afadhali angekuwa na haraka. "Shangazi, vuta pumzi kwanza," anasema, "si polisi mimi," na Zdravka anaikaza kamba. Alifikiri atamkuta mzee wa jeshini mwenye filimbi, anayefoka kaa, simama, lala, saa moja mambo yamekwisha, amrudishe Mecho nyumbani amepona, kumbe hapa mbwa haulizwi kitu, anayeulizwa ni mwenye mbwa. Alikuja na chupa ya pilipili tamu za kusaga, maana mikono mitupu haingii nyumba ya mtu, chupa iko pale dirishani, jua la mchana limeipiga, nyekundu, Kaloyan alikuwa anazila kwa kijiko, bila mkate, mama acha nile, za kwako si kama za dukani, miaka thelathini na minne na ana mdomo mwekundu kama mtoto...

Asifike huko, asifike kwa Kaloyan sasa, kuna swali mbele yake. Mecho ni wa Kaloyan, hilo ameshalisema, mwanangu alimwokota ndani ya mfuko wa saruji kando ya barabara, mwanangu ameanguka Novemba kutoka paa la banda, akibadilisha vigae, lakini hakusema nani aliyemhimiza, nani aliyesema panda leo Kaloyan, theluji haikungoji wewe, na Vesela hakuuliza, aliandika tu, kisha akasoma karatasi ya daktari wa mifugo na kukunja uso. "Sikufichi, shangazi. Hali, halali, anajitafuna miguu mpaka damu. Moyo unamwenda mbio mno. Akiendelea hivi kiangazi hakioni. Sasa ni mawili, tukiondoe kinachomtisha hapo nyumbani, au tumtafutie nyumba nyingine." Nyumba nyingine! Yaani aondoke na huyu pia, zibaki kuta nne na sufuria ya mtu mmoja. Afadhali Tsonka asisikie, Tsonka jirani aliyemsimamisha asubuhi kituo cha basi akapiga kelele mpaka dereva akageuka, "Eti unampeleka wapi? Shule? Mwenzangu, mimi nina mume miaka arobaini hajajua kuvua viatu mlangoni, mchukue na yeye basi, atakaa kiti cha nyuma, hang'ati!" na Zdravka alicheka, alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Novemba, kisha njia nzima akaona haya kama aliyeiba.

Kengele. Aliisema mwenyewe, hakulazimishwa, anaogopa kengele, alisema, tangu wakukeri walipopita Januari, na kila mtu anawajua wakukeri, wanaume wa vinyago na ngozi za mbuzi wanaozunguka nyumba hadi nyumba kufukuza mabaya, kengele kiunoni zinazotikisa madirisha, mbwa gani asiogope, daktari wa mifugo alikubali, Tsonka alikubali, ni jambo linaloingia akilini. Ila msichana huyu hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Wakukeri wanapita siku mbili kwa mwaka. Sasa ni Machi. Kengele hizo anazisikia lini?"... Na Mecho hakuziogopa kamwe, hapo ndipo penye mwiba. Mecho alikuwa anatangulia mbele ya kundi zima, kikengele cha mwanambuzi shingoni, kichwa juu, anajiona diwani, na nyuma yake Kaloyan na mkanda wake wa kengele kumi na mbili, uzito wa mfuko wa viazi, kila moja ameichagua kwa sikio, Desemba nzima anazigonga uani, hii inalia peke yake mama, hii haisikilizani na wenzake, mpaka zote ziseme kitu kimoja. Kijiji kizima kilimjua kwa mlio ule. Hata kinyago kikimfunika, anakuja Kaloyan, watu walisema kabla hajatokea kwenye kona.

Na mwaka huu hawakupiga. Mungu amsamehe uongo wake, wale watu hawakupiga. Nyumba yenye msiba haipigiwi kengele, wanajua, walifika langoni kwake na kila mmoja amekumbatia kengele zake kwa mikono miwili, wamezibana kifuani, wanatembea kama watu waliobeba mayai, wanaume wakubwa wenye pembe na manyoya, kiongozi wao akavua kinyago, macho mekundu, akainamisha kichwa, wakapita. Alisikia miguu tu kwenye theluji. Wanaume arobaini na si mlio hata mmoja, na kimya kile kikamwingia, hakuna aliyemwambia kwamba kimya kinaweza kuuma vile, kwenye mazishi watu walilia, padri aliimba, kulikuwa na kelele za kushika, lakini pale langoni... aliingia ndani, akautoa mkanda msumarini, ulimshinda kuuvaa, akauning'iniza kwenye boriti ya jikoni na kuutikisa. Nyumba ikajaa. Kwa muda ule wote kengele zilipolia Kaloyan alikuwa uani anakung'uta theluji kwenye buti, ndiyo, alikuwepo, angeapa. Kesho yake akatikisa tena, saa kumi na moja jioni, saa aliyokuwa anarudi kutoka kazini. Na kesho kutwa. Na jana. Na leo alikuwa anahesabu basi la kumwahisha nyumbani.

"Kama hukumbuki, si neno," anasema Vesela taratibu, "tutaanza na mengine," na huo ndio mlango wa kutokea, wazi kabisa, aseme sikumbuki, binti yangu, uzee huu, na jioni akatikise tena, nani atajua. Anajua huyu chini ya benchi. Siku ile ya kwanza Mecho hakukimbilia uvunguni, alikuja mbio kutoka uani, kucha zinateleza sakafuni, mkia unapiga viti, akaunusa mkanda, kengele moja moja, akalia kile kilio chake cha furaha, kisha akakimbia hadi langoni akasimama. Alisimama pale mpaka theluji ikamfunika mgongo. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alirudi mwenyewe, akamtazama Zdravka, macho yale... na Zdravka akageuza uso akaendelea kutikisa. Ya nne ndiyo akaingia uvunguni. Aliyaona yote haya, ameyaona kwa macho yake mawili, na akawapakazia watu waliozibana kengele zao kifuani wasije wakamuumiza.

Kila jioni anamwambia Mecho amekuja, na hajaja. Ni nani asiyetetemeka? Mlio ni wake, harufu ni yake, na ndani hamna mtu. Hata yeye Zdravka, akiuachia mkanda na kengele ya mwisho ikinyamaza, si hutetemeka? Si hukaa kitini na mikono chini ya mapaja ili isionekane? Mwana kamzika mara moja, yule mbwa anamzikisha kila siku saa kumi na moja... Lakini akiacha, itakuwaje saa hiyo ikifika, atasikia nini, saa ya ukutani na maji ya bomba, Kaloyan atakufa sasa kwelikweli, na kimya kile cha langoni kitaingia ndani na kukaa. Kikae, basi. Watakaa nacho wawili. Chini yake mbao zinatetemeka, kalamu ya Vesela bado imesimama, haijaandika hata herufi, chupa dirishani bado nyekundu, na Zdravka anashusha mkono chini ya benchi, hamgusi, anauacha tu uning'inie pale penye pumzi ya mbwa.

"Kila siku," anasema. "Saa kumi na moja jioni. Si wakukeri, binti yangu. Ni mimi."

Mecho hatoki.