Hakuna Aliyetaka Kuwa Mkanaani

Mama Katungu alipochaguliwa kuongoza shirika lao la Kikristo, alidhani kazi ni kusalisha rozari na kupika kwenye misiba. Hakuna aliyemwonya kwamba padri angemwagiza mchezo wa kuigiza kwa sikukuu ya parokia, wala kwamba mchezo huo ungemkondesha kuliko vita vyote alivyovikimbia tangu atoke Butembo.

Alichagua kuanguka kwa Yeriko kwa sababu ya tarumbeta. Kule sokoni Birere alikouza vitenge, asiyepiga kelele hauzi. Jumapili baada ya misa akawakusanya waumini, akauliza nani atakuwa Mwisraeli. Mikono yote ikapanda. Waliotoka Butembo walidai wao ndio taifa teule, maana wametembea njia ndefu na mizigo. Mirindi, karani aliyetoka Bukavu, alisema Israeli ni watu wa upande wake, kwa kuwa ndio waliovuka maji ya ziwa.

"Na Wakanaani?"

Mikono ikashuka. Mwanamke mmoja akakumbuka ghafla kwamba ameacha chungu cha sombe motoni.

"Jamani, tutazunguka Yeriko tupu?"

"Mama Katungu," Mirindi akamwambia kwa upole, "Mukanaani ni mutu ambaye Mungu alishapatia wengine shamba lake. Nani atakubali ile, na vile mambo iko huku kwetu?"

Katungu hakulala vizuri wiki ile. Mwishowe akapanda pikipiki mpaka Munigi, kwenye kambi ya wakimbizi wa vita, akamwomba muzee Habarurema, mkulima wa Kibumba aliyekuwa akija kusali parokiani kwao, awe mfalme wa Yeriko.

"Mama, balishanifukuza Kibumba mara tatu," alijibu muzee. "Sasa munataka kunifukuza hata kwa mchezo?"

"Ni kidogo tu, Papa. Ukuta ukianguka, unakimbia, tunapiga makofi, tunakula."

Habarurema akafikiri. "Kuna nyama?"

"Iko."

"Basi nitakuwa mfalme."

Tatizo la nani awe Yoshua lilijitatua lenyewe, na Katungu angejua, angelikataa suluhisho lile. Laurent Bagalwa, aliyegombea ubunge mwaka ule, alisikia kutakuwa na umati, akajileta. Aliahidi kugharamia nyama, mradi yeye ndiye awe Yoshua. Katika mikutano yake alikuwa na hotuba moja tu: Mungu alituahidi nchi hii, kila tunapokanyaga ni petu, na wageni watatoka. Vijana walikuwa wameanza kuirudia barabarani, na Katungu hakuipenda. Lakini alikuwa ameshamwahidi muzee nyama.

Siku ya sikukuu uwanja ulijaa. Wakimbizi wa Munigi nao walishuka kumtazama mfalme wao. Ukuta wa Yeriko ulikuwa kreti tupu za bia zilizofunikwa bachi la turubai, kwani Katungu alikataa kabisa mawe ya volkeno: alitaka mchezo, si mazishi. Laurent, katika kanzu nyeupe ya kukodi, aliongoza Israeli kuzunguka. Mzunguko wa nne alikuwa akitweta. Wa saba, fanfare, bendi ya tarumbeta ya parokia, ikapuliza, watu wakapiga yowe, ukuta ukaanguka, na kreti moja ikatua juu ya kidole cha mguu cha Yoshua.

Vumbi lilipotulia, mfalme wa Yeriko alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya viazi.

"Kimbia, Papa!" Katungu akanong'ona kutoka pembeni.

Habarurema hakuinuka. Baadaye alimweleza kwamba alikusudia kukimbia kweli, ila miguu ilikataa, ilisema imechoka.

"Toka!" akanguruma Laurent, akirukaruka kwa mguu mmoja.

"Niende fasi gani?"

Hilo halikuwemo kwenye mchezo. Laurent akatazama huku na huku. "Mungu alinipa hii inchi!"

"Alikupa wakati gani? Miye nilikuwa hapa ninalima, sikumuona akipita."

Umati ukaangua kicheko. Laurent akasahau kabisa kwamba yeye ni Yoshua. Akajipiga kifua. "Sikia, muzee! Miye ni mwenyeji! Babu yangu alizaliwa hapa, na babu ya babu! Hatukutoka popote!"

Habarurema akamtazama kwa huruma.

"Kumbe! Baisraeli ndjo balitoka mbali. Mwenyeji ni Mukanaani. Kuya ukae, ndugu yangu, balishatuvunjia ukuta."

Akasogea, akampa nusu ya kigoda.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Padri alijifunika uso kwa leso. Wanawake wa Munigi wakaingia Yeriko kumsaidia mfalme kumenya viazi, Wanande wawili wa Butembo wakawafuata, na Mirindi akavua kilemba chake cha Israeli akaenda nao. Laurent alibaki amesimama peke yake. Kidole kilimuuma. Akakaa.

Katungu alijua ameharibu sikukuu, akangoja karipio. Padri alimwomba sahani tu.

Juma lililofuata Laurent alikuja Birere, akashika vitenge bila kuvitazama.

"Mama Katungu, weye unasomaka Biblia. Ile ahadi ni uongo?"

"Sikusema vile. Lakini Ibrahimu aliyepewa hiyo ahadi, Sara alipokufa, aliinama mbele ya wenyeji, akaomba bamuuzishe fasi ya kumuzika. Hakusema, tokeni."

"Aliinama?"

"Mara mbili."

Laurent akakuna kichwa. "Ile haiwezi nisaidia kwa kampeni."

"Haiwezi, mheshimiwa."

Akauliza Habarurema anakaa wapi hasa, akaondoka akichechemea. Katungu hakuamini angekwenda. Lakini Jumapili muzee alimhadithia kwamba mgombea alikuja kambini bila mpiga picha, akakaa juu ya bidoni tupu la maji, akasikiliza habari za kabichi za Kibumba mpaka mvua ikawakimbiza. Kwa mwanasiasa, alisema Habarurema, yule mtu alikuwa na masikio mazuri, ila alikuja mikono mitupu.