Nafasi ya Arobaini na Moja

Fundi wa programu aliiona kasoro kabla chai yake haijapoa, akatamani angezaliwa kipofu.

Orodha ya wanaosubiri figo ilikuwa maandishi matupu, kila mgonjwa na mstari wake: nafasi arobaini za jina, kisha moja ya hali, T kwa aliye tayari. Lugha ya zamani ya programu ilihesabu nafasi hizo kwa baiti, vipimo vya kumbukumbu ya kompyuta, na orodha ikapangwa hivyo. Lugha mpya, aliyohamishia kazi yote mwezi wa tatu kwa mbwembwe, huhesabu kwa herufi. Kwa majina mengi hakuna tofauti. Ila herufi yenye alama juu hula baiti mbili badala ya moja, na jina la dada yake, alilorithi kwa bibi yao wa ng'ambo, lina herufi mbili za namna hiyo. Kitanzi, kile kipande cha programu kinachojirudia mstari kwa mstari, kilipofika kwake kilihesabu herufi arobaini na moja, kikaipita T kwa hatua mbili, kikakuta patupu. Patupu maana yake hayuko tayari. Kikaenda kwa mgonjwa anayefuata, hakina habari.

Programu aliijaribu, ndiyo. Aliijaribu kwa majina ya wenzake sita wa ofisini, yote hayana alama, na mkuu wa kitengo akampigia makofi. Kujaribu gani huko! Mjinga wa kutupwa.

Alirekebisha mistari mitatu ya programu, akaendesha upya orodha ya mwezi wa tano. Jina la dada likatokea la kwanza. Figo iliyopatikana mwezi ule ilishakwenda kwa mwingine, na juzi daktari alisema moyo wa dada hauhimili tena upasuaji.

Wodini alimkuta ameegemea mito miwili, miguu imevimba. Ndiye aliyemlea na kumsomesha.

"Mdogo wangu, mbona umenyong'onyea hivyo?"

Akamweleza yote, bila kujitetea. Dada alisikiliza huku akikunjakunja ncha ya shuka.

"Sasa inanisoma?"

"Inakusoma, dada."

"Basi nitoeni. Nimekaa mbele ya watu bure."

Fundi alitaka kulia, akaona haya kulia mbele yake.

Asubuhi iliyofuata alikaa mezani kwake mapema. Ofisi nzima, mwenye ruhusa ya kufuta jina kwenye orodha alikuwa yeye peke yake.