Matundu ya Stepla

Asubuhi ile benki ilikuwa imening'iniza maputo mlangoni. Wiki ya Uadilifu, bango lilisema. Uadilifu wao una wiki moja kwa mwaka. Wiki zote zilizobaki ni za kazi.

Mimi na dada tulipita chini ya maputo na barua yao mkononi. Ijumaa wangekuja kubeba cherehani zake tatu, eti alimdhamini mfanyabiashara aliyekopa akatokomea. Dada hamjui mtu huyo hata kwa sura. Alichowahi kusaini pale ni fomu moja tu, ya kufungua akaunti, mwaka juzi.

Meneja, mtaani tunamwita Tabasamu. Wengine wamesahau, mimi sijasahau: miaka kumi na saba iliyopita alikuwa karani wa benki nyingine, ile iliyofunga milango Jumatatu wakati wakubwa walishatoa pesa zao Ijumaa. Watu waligonga mlango ule mpaka mikono ikavimba. Yeye akapata kazi hapa, na tai mpya.

"Karibu mama, karibu sana! Hapa sisi ni familia moja."

"Familia gani inayokuja kunibebea cherehani?"

Akacheka meno yote nje, akasukuma faili. Fomu ya udhamini, kurasa nne. "Sahihi hii ni yako, si yako?"

Dada akaitazama mpaka mabega yakamshuka. "Ni yangu."

"Sasa mama, mimi nitakusaidiaje?"

Nikaivuta ile fomu. Mimi ni fundi viatu. Kutwa nzima naangalia matundu, na kiatu kilichoshonwa mara mbili hakinidanganyi. Kurasa tatu za kwanza zilikuwa na matundu mawili kwenye kona, ya pini moja ya stepla. Ukurasa wa nne, wenye sahihi, ulikuwa na manne. Nikauinua dirishani, mwanga ukapenya kote.

"Shemeji," nikamwambia, "si umesema sisi familia? Huu ukurasa umebanwa mara mbili. Mmeung'oa kwenye fomu ya akaunti mkaubandika hapa. Hebu ilete hiyo ya akaunti, tuone kama bado ina mwisho."

Hakuileta. Aliinuka akafunga mlango wa ofisi yake, na meno yakarudi ndani.

"Itakuwa ni hitilafu ya mfumo."

"Huo mfumo una vidole?" dada akauliza.

Ghafla mambo yakawa mepesi. Udhamini ungefutwa leo leo, kwa barua. Ila dada naye angesaini karatasi ndogo kwamba hatamwambia mtu. "Kwa heshima ya pande zote," alisema, bila hata haya ya kuangalia chini. Nilitaka kupayuka. Dada akanibana goti.

"Andika ya cherehani kwanza. Upige na muhuri."

Akaandika, akapiga. Dada akaisoma mara tatu, kidole kikifuata mstari, akaikunja akaitia kifuani. Tabasamu akamsogezea ile karatasi ndogo na kalamu.

"Hiyo ndiyo ya kunyamaza?"

"Ndiyo, mama yangu."

"Sina sahihi nyingine, mwanangu. Niliyokuwa nayo mlishaitumia."

Akafungua mlango mwenyewe. Kwenye foleni walikuwepo watu kama ishirini, na wote wakageuka.

"Jamani," dada akasema, kwa ile sauti yake ya kushinda kelele za cherehani, "ombeni mafaili yenu."